Kamera za Filamu Kisumu: Zinafundisha Nini na Zinahifadhi Nini

Miongoni mwa wanaopiga picha kwa kupenda tu hapa Kisumu, bila ya kutafuta riziki, wapo wanaoiweka simu kando na kurudia kamera za filamu zilizoachwa kabatini na wazazi. Hoja wanayoitoa mara nyingi ni kwamba filamu humfunza mtu subira, kwa kuwa mkanda wa milimita 35 huwa na nafasi zisizozidi 36 kwa kawaida, na kila picha inalipiwa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini naiona pungufu. Anayepiga picha ufukweni Dunga kwa kamera ya kidijitali huona papo hapo kwamba uso wa mvuvi umemezwa na kivuli, akasogea hatua mbili, akapiga tena. Mwenye filamu hulijua kosa lilelile mkanda ukishasafishwa, wakati ambapo keshasahau alisimama wapi na aliteua kasi gani ya shata (kile kifuniko kinachofunguka na kufungwa ili kuingiza mwanga), isipokuwa kama aliandika kila kitu kwenye daftari. Kwa anayeanza, kungoja huko kunachelewesha somo.

Kamera zenyewe, hata hivyo, zinastahili kupendwa. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, huhitaji betri kwa ajili ya kipima mwanga pekee, na betri ikiisha shata huendelea kufanya kazi kama kawaida. Maamuzi yote, yaani kasi, ukubwa wa tundu la lenzi na umbali, yamo mikononi mwa mpiga picha. Kinachoziharibu zaidi huku kwetu ni unyevu. Lenzi iliyofungiwa miaka mingi ndani ya mkoba wa ngozi huota kuvu, nao huonekana ukiitazama lenzi kuelekea taa: nyuzi nyembamba, nyeupe, zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kuvu ikikomaa hula utando wa kioo na picha hufifia, kwa hiyo mnunuzi wa kamera ya mtumba aikague lenzi hivyo kabla ya kutoa pesa.

Kuhusu mwanga, kila upande una lake. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua la saa sita mchana huangaza kwa ukali unaofanya shati jeupe lipoteze mikunjo yake yote kwenye picha ya kidijitali iliyopigwa bila ya uangalifu. Filamu ya negativu ya rangi, yaani ile ambayo palipo na mwanga hutokea giza kwenye mkanda na penye giza hutokea mwanga, huustahimili mwanga uliozidi vizuri zaidi. Lakini mwanga ukipungua, vivuli vyake hubaki vitupu, na hapo ndipo sura zetu zilipoumizwa. Kwa miongo kadhaa maabara zilipima rangi kwa kutumia kadi zilizoitwa za Shirley, ambazo zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi haikuwa kipimo cha mtu yeyote. Filamu ziliboreshwa baadaye, lakini anayesifu rangi za zamani bila ya kulitaja jambo hili anawasahau mama na nyanya zetu, waliotoka kwenye picha za harusi wakiwa na meno na macho tu.

Gharama nayo hairembeki. Kodak, kampuni maarufu ya filamu, iliomba ulinzi wa mahakama wa kufilisika Januari 2012, na ingawa Pentax ilitoa kamera mpya ya filamu mwaka 2024, maabara za mitaani hazikurudi kwa sababu hiyo. Anayeamua kusafisha nyumbani filamu ya nyeusi na nyeupe atakuta kwamba dawa nyingi zimepangiwa nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali maji ya mfereji Kisumu huwa na joto zaidi ya hapo. Itambidi atumie barafu au apunguze dakika za kusafisha.

Mahali ambapo filamu inashinda, kwa maoni yangu, ni kwenye negativu. Simu ikiibwa au nywila ikisahaulika, picha za miaka mingi hupotea kwa siku moja; negativu haihitaji programu, unaiinua dirishani na kumwona mtu aliyemo. Kwa hiyo ningemshauri anayeanza ajifunze kwa simu, kisha mkanda autumie kwa yale anayotaka yadumu: wazee wa nyumbani, boma kabla halijajengwa upya, mazishi na harusi.

Mapenzi hayo yangefaa pia kuzifikia negativu zilizokwisha kuwapo. Studio za zamani za Kisumu na Nakuru zinapofungwa, masanduku yake huweza kuishia jalalani, ilhali kuyaokoa hakuhitaji mitambo mikubwa. Negativu huwekwa sentimita chache juu ya skrini nyeupe ya kompyuta-kibao, ikapigwa picha kwa karibu, kisha rangi zikageuzwa kwa programu ya kawaida. Kazi ngumu zaidi ni majina, na hiyo ianze sasa, wangali hai wanaoweza kutuambia nani ni nani.