Mkutano Mkuu wa Ushirikina

Bango la chama chetu lilifika ukumbini, kule Kariokor, likiwa limekunjwa, likafungwa getini kwa kamba kabla mwanachama yeyote hajalisoma. Waliotangulia kulisoma ni wapita njia. Wa bodaboda alisimama akapiga picha. Mama mmoja mwenye mfuko wa sukuma akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, mganga ameshafika?"

Nikageuka. Kijani kibichi, mita 3 kwa 1, herufi nyeupe: CHAMA CHA USHIRIKINA AKIBA. Na chini yake: Tawi la Nairobi Mashariki. Karibuni Nyote.

Ilivyokuwa ni hivi. Mweka hazina alimsomea kijana wa mabango yale maneno kwa simu, mwenyewe yumo ndani ya matatu yenye muziki wa kutikisa vioo. "Ushirika na Akiba," akasema. Kijana akasikia neno moja, akaandika "ushirikana". Simu haikulijua hilo, ikampa lililo karibu nalo: a moja ikawa i. Mstari mwekundu ukatoweka, kijana akaridhika, akachapa.

"Sasa mathe, si simu yenyewe ndiyo ilisema iko sawa?" kijana alimjibu mweka hazina.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kichwa. "Sisi tumesajiliwa kwa Sura ya 490, ya vyama vya ushirika. Mmetuhamishia Sura ya 67, Sheria ya Uchawi!"

Aliyefurahi ni ustadh peke yake, mwanachama wetu anayefundisha Kiarabu Eastleigh. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akacheka mpaka akavua miwani. "Simu haijakosea ukoo," akasema. "Imekosea mtoto."

Watu wakamzunguka, maana akidi ilikuwa haijatimia na chai haijaletwa. Mzizi, alieleza, ni konsonanti tatu, sh-r-k, na kiini chake ni watu kuwa na fungu katika kitu kimoja. Sharika ni kampuni. Ukienda Cairo utaliona neno hilo kwenye vibao vya biashara. Sharik ni mbia. Ishtirak ni kushiriki, na pia ada unayolipia gazeti. Liongezee -iyya, unapata usoshalisti. Huku kwetu mzizi huohuo umetupa shirika, ushirika, kushirikiana, na shirikisho, lile la soka na lile la kisiasa tunaloahidiwa kila mara.

"Sasa shirk," akaendelea, "ni kumtafutia Mungu mbia." Anayefanya hivyo ni mushrik. Wakiwa wengi ni mushrikuna, au mushrikina, kutegemea wamekaa wapi katika sentensi. Kiswahili kikauchukua huo wingi mzimamzima, kikauvalisha m- ya mtu mmoja: mshirikina. Baadaye u- ikaleta ushirikina. Kwa hiyo mshirikina mmoja, kisarufi, tayari ni umati. Na maana nayo ilisogea: kutoka kuabudu kisicho Mungu hadi hirizi, ramli, na kuogopa bundi akilia juu ya bati.

Mzee wa kanisa, ambaye ni mjumbe wa kamati ya mikopo, hakupendezwa. "Ustadh, mimi kila Jumapili nafunga ibada kwa ushirika wa Roho Mtakatifu."

"Endelea tu, mzee. Lako halina -na."

Hapo kijana akatumwa mbio River Road akalete stika. Ni bahati mbaya, kwa sababu alipotoka tu mtu akauliza kama mashariki nayo imo humo. Haimo. Ile ina qaf, k ya kooni, mzizi wa sh-r-q, jua kuchomoza. Kiswahili kimezitia kaf, ile k ya kawaida ya shirk, na qaf katika k moja, ndiyo maana "Shirikisho la Afrika Mashariki" linasikika kama watu wa nyumba moja na kumbe ni wageni wawili.

Kurekebisha bango, kwa hesabu ya herufi, ilikuwa kazi ndogo: I iwe A, halafu nafasi. Kwa rula haikuwezekana. I ni fito, sentimita 4. A inataka 14, na nafasi bado. Tena stika haishiki turubai yenye vumbi: unapangusa kwa spiriti, unangoja ikauke, unabandika ukisukuma hewa kwa kadi kutoka katikati kwenda pembeni. Kijana alipangusa kwa mkono wa shati. A ikamlalia K, ikamkata mguu, ikavimba mapovu, na kijani chake kilikuwa cha kabichi wakati bango ni la sukuma. Sasa tulikuwa chama cha USHIRIKANA AKIBA.

Yule mama alikuwa bado yupo. Alipoambiwa ni akiba na mikopo, akauliza riba. Akatajiwa. "Basi niandikeni," akasema. "Kwa mganga nilikuwa naenda kwa sababu ya madeni."

Tulikubaliana lichapwe jipya, na safari hii rasimu ipitie kwanza kwenye kikundi cha WhatsApp. Ikaja jioni. Chama cha Ushirika na Akiba, kila herufi mahali pake, mwenyekiti akaweka alama ya dole gumba. Ustadh ndiye aliyesoma mstari wa chini: Tawi la Nairobi Mashirika.

"Nilisikia mwalimu akisema zote ni mzizi mmoja," kijana akaandika, "nikasawazisha."