Waipa Zilizopotea Chini ya Jedwali

Mwenye duka la vipuri vya magari niliyemwandikia programu ya stoo alinipigia simu kuniuliza waipa zake zimekwenda wapi. Zote zilikuwamo kwenye hifadhidata, ila jedwali lililopangwa kwa alfabeti lilikatika kabla ya kuzifikia, na kuanzia hapo chini pakawa peupe.

Nilikuwa nimefuata njia ambayo wanaojifunza Tkinter, maktaba ya Python ya kuunda programu za madirisha, huikimbilia: kuweka fremu ndani ya kanvasi (eneo la kuchorea linaloweza kusogezwa), kuijaza lebo (kipande cha maandishi) moja kwa kila kisanduku, kisha kuiunganisha na upau wa kusogeza. Bidhaa 1,640 kwa safu 6 zilinipa lebo 9,840, nayo programu ikawa nzito kufunguka. Kibaya zaidi, kompyuta ya dukani ilitumia Linux na X11, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, ambao huandika mahali pa kila kitu kwa namba ya biti 16 isiyovuka pikseli 32,767. Kila mstari wangu ulikuwa na kimo cha pikseli 22. Ukigawanya, utaona kwamba mstari wa 1,490 ndio uliokatwa kiuno.

Siilaumu X11. Skrini ile ilionyesha mistari 30 tu kwa wakati mmoja, yaani visanduku 180, na vingine vyote nilikuwa nimeviunda bure. Kwa maoni yangu, anayefundisha majedwali kwa njia ya lebo anamfundisha mwanafunzi kujenga ghala zima ili mteja achungulie rafu moja.

Treeview, wijeti (kijenzi cha dirisha) ya kuonyesha majedwali iliyoingia mwaka 2007 katika Tk 8.5, maktaba ambayo Tkinter huitumia, pamoja na wijeti nyingine za seti ya ttk, huweka data kama maandishi na kuchora mistari inayoonekana pekee. Qt, maktaba nyingine ya kuunda programu za madirisha, huenda mbali zaidi: QTableView, wijeti yake ya majedwali, haihifadhi data yoyote, bali huiuliza modeli uliyoiandika (sehemu ya programu inayoitolea data) ina mistari mingapi, ina safu ngapi, na kisanduku kinachotakiwa kuonekana sasa kina nini, kiasi kwamba kazi ya kuchora hubaki ile ile hata mistari ikiongezeka mara mia.

Wapo wanaotetea lebo kwa kuwa Treeview haina njia yake yenyewe ya kuhariri kisanduku. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini sehemu moja ya kuandikia, inayowekwa juu ya kisanduku kilichobofywa mara mbili, inatosha, maana hakuna anayeandika mahali pawili kwa mpigo. Kwa jedwali la mistari 20 lenye vitufe ndani yake, sawa, tumia lebo.

Nilipopeleka programu mpya, mzee aliburuta upau hadi mwisho kabla hata hatujamaliza kusalimiana, akazihesabu waipa zake, kisha akauliza kwa nini bei zimeegemea kushoto. Alikuwa na haki: elfu na laki zisipolingana upande wa kulia huchanganya macho, na kulirekebisha hilo kulinichukua neno moja tu katika kila safu ya namba.