Usimtishie Mtoto Mirembe

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka Januari, mtoto wa kaka yangu alikuwa kibarazani kwangu, Nkuhungu, Dodoma, na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Siku hizi hakuna kwenda kusoma majina ukutani. Unaingia kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, unatafuta shule, unateremka mpaka kwenye namba yako. Jirani anayeijua namba hiyo naye anateremka. Kabla sijaepua sufuria, nyumba ya tatu walishajua: divisheni four, daraja la chini kabisa la kufaulu, pointi 29.

Hakulia. Alinawa, akamega tonge la ugali wa uwele, akalichovya kwenye mlenda, kisha akalirudisha sahanini. Wiki mbili zikapita hivyohivyo. Nikiamka usiku naona mwanga wa simu kwenye pazia lake.

Kaka alipofika kutoka Bahi, hata shikamoo ya mwanawe hakuipokea vizuri. "Hiyo simu ndiyo iliyokumaliza," akasema. Kisha: "Ukiendelea kukaa kimya hivi tutakupeleka Mirembe."

Neno hilo liliniuma, na bado linaniuma. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo hapahapa Dodoma tangu enzi za Mwingereza, na wagonjwa wanaletwa kutoka mikoa ya mbali. Sisi wenye mji tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Mtu akivaa kandambili zisizofanana, "katoroka Mirembe". Halafu tunashangaa kijana halali usiku na hasemi. Amwambie nani? Shuleni kwake mwalimu wa ushauri nasaha alikuwa huyohuyo wa nidhamu, mwenye fimbo.

Nilimwambia kaka: ikibidi aende Mirembe nitampeleka mimi, mchana kweupe, na atarudi nyumbani kwake kama anayetoka hospitali nyingine yoyote.

Simu nayo nilimuuliza, bila kumnyang'anya. "Usiku unaangalia nini, baba?" Akanionyesha. Zilikuwamo picha za wenzake wa divisheni one wakivishwa mashada, na hizo kweli zilikuwa zinamla. Lakini nyingi zilikuwa video za ufundi: jinsi ya kung'oa tundu la chaji bila kuunguza sakiti. Alikuwa akizirudiarudia usiku kwa sababu bando la usiku ndilo aliloliweza. Mtoto tuliyesema simu imemmaliza alikuwa anasoma, peke yake, gizani.

Sera mpya ya elimu, ile ya 2014 toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari. Nimeifurahia sana. Ila majumbani kwetu "VETA", vyuo vya ufundi stadi, bado inatamkwa kama adhabu ya waliofeli, na vijana wanatusikia. Wanataka kazi ya mikono itajwe kwa sauti ileile tunayotajia udaktari, na wana haki.

Kwa sasa anashinda kwenye meza ya fundi simu mmoja pale Majengo, anajifunza. Juzi jioni alirudi na vidole vyeusi, akakaa karibu na jiko.

"Shangazi, nikirisiti Hisabati na Kiingereza tu, huku naendelea na ufundi, baba atakubali?"

Nikamwambia tule kwanza, tutampigia baadaye. Akala mlenda wote, akaongezewa ugali.