Nani anatunga maswali kwenye utafiti wa afya ya akili?

Kuna hoja naisikia sana, eti aliyeugua akili hawezi kufanya utafiti wa tiba yake mwenyewe, ana machungu, ataegemea upande. Si hoja ya kupuuza, ila hebu tuangalie Uingereza walivyofanya na tiba ya umeme, ile watu wanaita shoti, mgonjwa anapigwa nusukaputi halafu umeme unapitishwa kichwani.

Mwaka 2003 Diana Rose na wenzake wa King's College London, na Rose mwenyewe ametumia huduma za akili, walikusanya tafiti 26 za madaktari na ripoti 9 za wagonjwa au zilizofanywa pamoja nao. Kwenye zile za madaktari watu walionekana kuridhika zaidi. Kwa nini? Angalia walivyoulizwa: mara nyingi ni mapema tu baada ya tiba, maswali machache, anayeuliza ni daktari. Sasa wewe ungemjibu nini mtu anayeamua urudi nyumbani lini? Na kwenye kumbukumbu ndo kabisaa, vipimo vya kawaida vilikuwa vinaangalia kama mtu anashika vitu vipya, wakati wagonjwa wanalia wamepoteza ya zamani, maisha yao wenyewe. Walioulizwa hilo moja kwa moja, asilimia 29 mpaka 55 walisema kumbukumbu zimepotea. Siamini daktari alidanganya, swali lenyewe halikumjia maana hajawahi kulala pale kitandani.

Upande wa pili nao una uzito. Ukitafuta watu kupitia vikundi vya wagonjwa unapata zaidi walioumia, aliyepona akarudi kazini kwake haji kikundini. Halafu sonona, ugonjwa unaotibiwa zaidi kwa shoti, nayo yenyewe inakula kumbukumbu, kwa hiyo kujua kipi kimesababisha nini si kazi ndogo, na wapo walioacha hata kula ambao shoti iliwaokoa, nao wasikike.

Mi naona kuegemea kupo kote kote, ila kuegemea kwa daktari tumekuzoea mpaka tukakuita ukweli. Kinachoniuma ni kumwita mgonjwa mwishoni, dodoso limeshachapwa, bajeti imeshapita, anapewa soda na nauli aseme sawa, ripoti inaandika "tumeshirikisha". Aitwe siku ya kwanza swali linapotungwa, alipwe kama watafiti wengine, na wasiwe walewale waliozoea kuongea kwenye semina, aitwe na yule mama wa kijijini aliyefungwa kamba na ndugu zake kabla ya kufikishwa hospitali, maana swali lake yeye hatujawahi hata kulisikia.