Programu inameza majibu, lawama naletewa mimi
Nani aliwadanganya kwamba kazi ya kompyuta ni kukaa kwenye kiyoyozi unabonyezabonyeza? Hapa hospitali majibu ya maabara yanakuja kama mafaili ya HL7, yaani lugha ambayo mifumo ya hospitali inapeana taarifa za wagonjwa, ukifungua moja linaanza na MSH halafu |^~\& utadhani paka kapita juu ya kibodi, sasa kuna programu ya kuyasoma, hiyo ndo balaa lenyewe, ikishasoma faili inalifuta, sawa, ila hata ikishindwa kusoma nayo inalifuta! Tukimpigia aliyetuuzia anasema "ndo ilivyotengenezwa mkuu". Mkuu wa nini sasa.

Ndo maana nina kaskripti kangu, kaprogramu kadogo nilikokaandika mwenyewe, cron, ile saa ya kuamshia kazi kwenye kompyuta, inakaamsha kila dakika, kananakili kila kilichoingia kwenye folda ya bekapu, kakimaliza ndo kanalisogeza faili kwa mv kwenda kwa lile dubwana. Na usidhani ni cp tu, amri ya kunakili, basi umemaliza, kuna mashine inaleta kila kitu kwa jina lilelile, asubuhi result.hl7 jioni result.hl7, usipobandika tarehe na saa kwenye jina la nakala, ya jioni inaikalia ya asubuhi na hakuna atakayekwambia. Halafu faili ambalo bado linapakiwa, mtandao unajikokota, ukiliwahi unapata nusu mgonjwa. Niliwaomba wanaotuma waanze na jina la muda, la .tmp, likifika lote ndo walibadilishe, wakasema wanalifanyia kazi. Mpaka leo wanalifanyia kazi! Basi kaskripti inabidi kapime ukubwa wa faili, kasubiri, kapime tena.

Daktari akikosa majibu simu kwangu, nachomoa nakala, narudisha, yanasomwa. Kwenye kikao inasifiwa programu.

Bosi naye diski ikifika asilimia 90 tu, "hayo mavitu unarundika ya nini na yameshasomwa?" Nikayabana kwa gzip, hakuridhika, akaandika barua pepe kabisa kwamba chochote kilichozidi siku 30 kifutwe, haya, nikaweka amri ya find na -mtime +30 na -delete, itafute yaliyozidi siku 30 iyafute, bosi ni bosi.

Sasa juzi wamekuja wakaguzi, wanataka meseji za HL7 za mwezi wa tatu, na huu ni mwezi wa nane. Bosi kanigeukia mbele za watu anatabasamu, eti "si wewe mzee wa bekapu?" Nikainuka nikaenda kuiprinti ile barua pepe yake. Kwa rangi.