Kitabu cha Chama au Faili ya Mtu Mmoja?

Chama chetu kina watu sita, na kila mwezi kila mmoja hutoa shilingi 300. Si cha kununua viti wala shamba. Ni cha mchezo wa kuigiza hadithi, Dungeons & Dragons. Mara mbili kwa mwezi tunakutana sebuleni kwa mwenzetu huko Milimani, Kisumu, tunarusha dadu ya pande ishirini na kucheza hadithi ambayo hata msimulizi wake hajui itaishia wapi. Baada ya miezi mitano hazina ilikuwa na 9,000, na pesa zikishakuwepo maneno hayakosekani. Watatu walitaka kitabu cha kanuni cha karatasi, chenye jalada gumu. Watatu wakasema twende kidijitali tumalize. Mmoja wao, mwalimu, akasema neno lililopigiwa makofi: "Karatasi ni ya watu wenye makabati ya vitabu. Sisi tuna simu."

Ni yale makofi yaliyonifanya nikae kuandika, kwa sababu mwalimu ana haki yake, lakini si yote.

Tuanze na haki hiyo. Bila faili, mchezo huu usingefika Kisumu. Sijawahi kuona kitabu chake kikiuzwa mjini, si madukani barabara ya Oginga Odinga, si kwa wale wanaotandaza mitumba ya vitabu kando ya barabara. Sisi sote tulijifunza kwa kanuni za msingi za Dungeons & Dragons ambazo wachapishaji wake, Wizards of the Coast, walianza kuzitoa bure mwaka 2014. Baadaye tukaonja Ironsworn ya Shawn Tomkin, ambayo tangu 2018 faili yake ni bure, na ambayo mtu anaweza kuicheza peke yake usiku wa mvua. Hata kulipa kumekuwa rahisi: tangu 2022 mtu anaweza kutengeneza kadi ya Visa ndani ya M-Pesa na kununua faili ya dola chache bila kuingia benki. Na msimulizi anayetafuta kama zimwi fulani linaungua kwa moto hulipata kwa kuandika jina tu, wakati mwenzake mwenye kitabu bado anafunua kurasa na kusema "subirini kidogo" kwa mara ya nne.

Sasa pesa, kwa maana ndipo watu hukata tamaa mapema. Kitabu cha mchezaji cha toleo la 2024 kina kurasa 384 na bei yake ni dola 50. Kwa dola moja kuwa shilingi 129, hiyo ni 6,450. Mtu akiisikia bei hiyo anaitazama kama mtu mmoja mwenye mshahara mmoja, na kwa macho hayo ni bei ya kufukuza wageni. Lakini kitabu hiki hakisomwi na mtu mmoja. Kimetengenezwa kwa ajili ya meza. Gawa kwa sita: shilingi 1,075 kila mmoja. Halafu kumbuka kwamba toleo la 2014 lilitumika miaka kumi kabla ya kurekebishwa. Gawa tena kwa kumi, unabaki na shilingi 108 kwa mtu kwa mwaka, pesa ambayo haikushibishi samaki pale Dunga. Tuseme basi nauli ya mzigo na VAT ya asilimia 16, ambayo vitabu vimebebeshwa tangu sheria ya 2013, vikipandisha gharama hadi 15,000. Bado ni shilingi 250 kwa mtu kwa mwaka. Nimeipiga hesabu hii mara tatu nikidhani nimekosea mahali. Sikukosea. Tatizo la kitabu ni kwamba kinadai pesa zote siku moja, na hilo ndilo tatizo ambalo chama kilibuniwa kulitatua.

Upande wa pili hesabu inageuka. Dungeons & Dragons ya sasa haiuzwi kama PDF kabisa; inauzwa ndani ya jukwaa la D&D Beyond, ambalo Hasbro, mmiliki wa Wizards, ililinunua mwaka 2022 kwa dola milioni 146.3. Kitabu hicho hicho pale ni dola 30, yaani takriban 3,870. Rahisi, au sivyo? Ni rahisi kwa aliyelipa. Sisi ni sita, na ununuzi unaingia kwenye akaunti ya mtu. Sita wakinunua ni zaidi ya 23,000. Kuna njia halali ya kukwepa hilo, na nisipoitaja nitakuwa mwongo: mmoja akilipia usajili wa daraja la juu, karibu dola 6 kwa mwezi, anaweza kuwashirikisha wenzake wa meza vitabu alivyonunua. Ni jambo jema. Ila dola 6 ni shilingi 770 hivi, na kwa mwaka ni zaidi ya 9,000, juu ya bei ya kitabu chenyewe. Siku akiacha kulipa, wenzake wanabaki wakitazamana.

Hapo ndipo penye kiini ambacho makofi yalikifunika. Chama kinaweza kumiliki kitabu. Kinaandikwa kwenye daftari la mali pamoja na dadu na ramani, mwanachama anakiazima wiki mbili, anakirudisha, na hakuna mwandishi aliyeibiwa. Faili ya PDF inayonunuliwa kwenye maduka makubwa ya michezo hii huwa na leseni ya mnunuzi mmoja, na mara nyingi jina lake linapigwa chini ya kila ukurasa. Ukiitupa kwenye kundi la WhatsApp umevunja masharti, jina lako likiwa limeandikwa pale pale. Najua wengi hufanya hivyo. Najua pia kwamba wengi wa waandishi wa michezo midogo ni watu wawili watatu wanaotegemea hizo dola kumi. Kwa hiyo mwalimu aliposema "tununue nakala moja ya kidijitali tugawane", alikuwa anapendekeza kitu ambacho kwa karatasi ni ujirani na kwa faili ni wizi mdogo. Sheria hiyo inaudhi, lakini ndiyo iliyopo.

Tena, neno "kidijitali" linafunga gunia moja vitu visivyofanana. Faili iliyo kwenye simu yako ni yako kadiri simu inavyodumu. Kilicho kwenye jukwaa la mwenye mali kinakaa kwake. Aprili 2009 Wizards, ikilalamikia uharamia, iliondoa PDF zake zote kwenye maduka ya mtandaoni kwa taarifa ya muda mfupi sana, na waliokuwa wamekwisha kulipa wakashindwa hata kupakua upya walichonunua. Zilianza kurudi 2013. Na Agosti 2024, toleo jipya lilipokaribia, D&D Beyond ilitangaza kwamba uchawi wa toleo la 2014 kwenye karatasi za wahusika, zinazoorodhesha uwezo wa kila mhusika, ungebadilishwa kuwa wa toleo jipya, hata kwa waliolipia la zamani. Wachezaji walipiga kelele na baada ya siku chache uamuzi ukabatilishwa. Watetezi wa jukwaa husema: si unaona, walisikiliza? Kweli walisikiliza. Ila kitabu kilichoko Milimani hakihitaji kelele zetu ili kibaki na maneno kiliyonayo.

Nisiseme mengi kuhusu macho, ila hili: vitabu hivi hupangwa kwa safu mbili kwenye ukurasa mkubwa, pamoja na majedwali na visanduku pembeni. Kwenye simu ya inchi sita unavuta, unakuza, unashuka safu ya kushoto, unapanda, unahamia kulia, na katikati ya safari ujumbe wa mkeka wa mechi unashuka juu ya skrini. Mchezaji mmoja aliondoka mezani kwa namna hiyo bila kuinuka kitini. Na usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipokatika nchi nzima, tulikuwa katikati ya hadithi tuliyoijenga juu ya Simbi Nyaima, kijiji kinachosimuliwa kuwa kilimezwa na maji. Tuliwasha mshumaa. Kufikia usiku wa manane simu nne zilikuwa zimekufa pamoja na kanuni zake.

Karatasi nayo ina aibu zake. Hewa ya ziwani hukunja kurasa. Kitabu cha kwanza cha mwenzetu, alicholetewa na shangazi yake, kina ukurasa wa mazimwi wenye alama ya mafuta ya ngege, na hakuna anayekubali kosa. Kinapochapishwa na makosa, makosa yanabaki mpaka ujirekebishie kwa kalamu. Kinabebwa na mtu mmoja, na akichelewa Kondele kwenye msongamano, meza nzima imechelewa.

Yupo ndugu wa tatu ambaye watu wa magharibi mwa Kenya tunamjua vizuri, na kwake nakubali kwamba hoja yangu inayumba. Ni faili iliyogeuzwa karatasi pale saiba. Baada ya zogo la Januari 2023, Wizards ilipotaka kubana leseni huria iliyowaruhusu wengine kutumia kanuni zake tangu 2000, kampuni ilirudi nyuma na kuiweka hati ya kanuni zake, SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Leseni hiyo hairudishwi ikishatolewa. Ina kurasa 403. Unaruhusiwa kuipakua, kuichapa, kuibaindi, kumpa jirani, hata kuiuza mradi utaje ilikotoka. Kwa shilingi tano kwa ukurasa ni 2,015, na hicho ni kitabu cha chama halali kabisa, bila shangazi wala forodha. Hati hiyo imekwisha kutolewa rasmi kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kihispania. Kiswahili hakimo, lakini leseni haimzuii yeyote kuanza kesho.

Kuna kinachokosekana, hata hivyo. Ndani yake kila aina ya shujaa ana tawi moja tu la kukua, historia ya mhusika ni moja, na hakuna picha hata moja. Mgeni akiketi mezani kwetu mara ya kwanza, hafungui kanuni, anafungua picha. Nimeona mara nyingi kijana aliyekuja kumsindikiza rafiki akivuta kitabu cha jalada gumu taratibu kuelekea upande wake, na nusu saa baadaye anauliza kama anaweza kuwa yule mwenye upinde. Faili iliyo ndani ya simu ya mtu mwingine, yenye neno la siri, haivutwi namna hiyo.

Tulipiga kura tena. Tutachapa SRD sasa, kwenye karatasi za pande mbili, na kitabu chenyewe kitakuja Desemba ndani ya sanduku la binamu wa mwalimu anayerudi kutoka Uingereza. Mwalimu ndiye aliyejitolea kumpigia simu. Kilichobaki ni mweka hazina wetu, anayehamia Nakuru Januari kwa sababu ya kazi. Tumemweleza kwamba mali ya chama haihami na mtu. Yeye anasema hana neno, ila anataka 1,075 yake mkononi kabla hajapanda matatu.