Mlimani ya Mwalimu na Mlimani ya Binti wa Sikonge

Kila vyuo vinapofungua, benchi letu la kahawa hapa Tabora hurudia ugomvi uleule: Mlimani ya zamani na ya leo, ipi bora. Safari hii ulichokozwa na mjukuu wa mkulima wa tumbaku kutoka Sikonge, aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo Mlimani yenyewe, na kupita mjini kupanda treni. Mwalimu mstaafu aliyesoma huko mwishoni mwa miaka ya 1970 alimpongeza vizuri. Binti alipoondoka, akatikisa kichwa. "Siku hizi kila mtu Mlimani. Sisi tulichujwa."

Fundi baiskeli, ambaye hakufika sekondari, akajibu bila kuinua macho: "Mlichujwa kweli, mwalimu. Ila chekeche lenu lilipitisha wanaume tu."

Fundi alilenga penye mfupa. Chuo kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria wasiofika hata 20. Sisi wa Tabora tunaijua njia iliyowafikisha watu juu enzi hizo, maana sehemu yake ilipita hapa. Shule ya serikali aliyosoma Nyerere ililenga kwanza watoto wa watemi, na mtoto wa kapuku aliingia kwa akili na bahati. Waliopenya walijiona wateule. Oktoba 1966 wakaandamana kupinga masharti ya kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawarudisha nyumbani zaidi ya 300.

Mwalimu wetu yeye aliingia kwa mlango mwingine, na hili hulisema kwa fahari. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 hukutoka kidato cha sita ukaenda moja kwa moja chuoni. Ulipita JKT, ukafanya kazi miaka kadhaa, ukapendekezwa, ndipo ukapokelewa. Darasani walikaa watu wazima wenye mke na watoto, waliokwisha kufundisha, kukagua mizani ya pamba, kuendesha ushirika. Mhadhiri akizungumzia bei ya mazao, kuna mtu nyuma aliyewahi kumlipa mkulima. Hilo lilikuwa na thamani, na sidhani kama kuna wanaolikumbuka leo.

Lakini hesabu ile ilimkata mwanamke. Miaka ya JKT ukiongeza ya kazi, msichana alikuwa keshaolewa na kuzaa. Idadi yao ikashuka hadi serikali ikawaondolea sharti hilo baada ya muda mfupi. Na walioingia hawakukuta raha. Kulikuwa na Mzee Punch, gazeti la ukutani lisilo na mwenyewe, la kudhihaki wenzao, wasichana hasa. Mwalimu hulisimulia akicheka, mpaka mtu amkumbushe mwaka 1990, mwanafunzi Levina Mukasa alipojiua baada ya kuandamwa. Hapo hunyamaza.

Kwa hiyo anayelilia Mlimani ya zamani aulizwe kwanza: ya nani? Mlango aliopitia binti wa Sikonge ulifunguliwa kidogo kidogo. Zilikuja shule za kata, ikaja Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005, ada ikafutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha cha tano na sita mwaka 2022. Babu yake asingeweza kulipa kituo hata kimoja kati ya hivyo kwa mauzo ya tumbaku. Hoja kwamba ubora umeshuka kwa sababu wameingia "kila mtu" siikubali. Ukumbi ukijaa mamia na mhadhiri ni mmoja, kosa si la aliyekaa safu ya mwisho.

Hata hivyo kuna jambo mwalimu analishika ambalo fundi hajawahi kuliona, nami naliona zito kuliko yote. Yeye alikuwa na kitanda. Alikula chuoni, akalala chuoni, maktaba ikifungwa akabishana na wenzake barazani hadi usiku. Anasema nusu ya elimu yake aliipata baada ya chakula cha jioni, na ninamwamini.

Leo binti anapewa bumu, fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Kiwango cha chakula na malazi kilipandishwa mwaka 2022 kuwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa awamu ya siku 60 ni 600,000. Asiyepata hosteli hupanga chumba mtaani, na mwenye nyumba wa Dar es Salaam hutaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo. Aliyekulia jijini, katika shule za Kiingereza tangu chekechea, anarudi kwa mama yake. Wa Sikonge anakimbilia daladala jua halijazama, wakati ule ule wenzake wanaanza majadiliano. Wote wamesajiliwa chuo kimoja, ila wanachokipata si kimoja. Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa mwaka 2017 ziliongeza nafasi 3,840, na bado watu hubebana, mwenye kitanda kumhifadhi asiyenacho.

Fundi ana dawa yake: binti angebaki hapa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, ale kwa shangazi. Si wazo la kijinga. Ugali wa shangazi hauna marejesho ya mkopo. Cha ajabu, aliyelipinga kwa nguvu ni mwalimu. Alisema binti akichaguliwa Mlimani aende Mlimani. Yule yule aliyelalamika kwamba kila mtu anakwenda.

Wiki ya tatu babu alikuja mjini kufuata mbolea, akatusimulia kwamba mjukuu amepiga simu na kusema "amebebwa". Mzee alishtuka: amebebwa na nani, kwenda wapi? Ikabidi aelezwe kwamba analala kitanda kimoja na msichana wa Newala, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Akafikiri kidogo, akauliza kama godoro linaweza kutumwa kwa treni.

"Linatumwa," fundi akamwambia. "Ila halina pa kutandikwa."